Visahani Vilivyogoma Kuchipua

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, Ylva Norrby aliinua uso kutoka kwenye darubini akaangua kilio. Ijumaa alizipa seli zake protini ya kuziamuru zijenge mishipa ya damu. Kati ya visahani ishirini na vinne vya seli, kimoja tu kilichipua mishipa. Bila matokeo haya, asingeipata kazi aliyoiomba Basel, Uswisi.

Gunvor Ask, msimamizi wa maabara hiyo ya Uppsala, alimshikisha kahawa kisha akachungulia mwenyewe.

"Seli nzima kabisa, mwanangu. Protini inagonga mlango, haifunguliwi. Mtu katia dawa ya kuzuia."

Kweli, unga wa dawa hiyo kabatini ulikuwa umepungua.

"Torkel!" Ylva alifoka, akimtaja mtafiti mwenzake. "Anaitaka nafasi yangu!"

Kumbukumbu za mlango wa mbele zilimwonyesha Torkel akiingia Jumapili saa kumi na dakika ishirini alasiri, akatoka baada ya dakika nne.

"Nilifuata skafu yangu!" Torkel aling'aka alipoitwa. "Kwani mimi mwizi?"

"Tulia," Gunvor alisema. "Unga ule huyeyuka kwa nusu saa. Wewe siye tunayemtafuta. Tena adui angeharibu vyote. Huyu aliyetia dawa kabakiza kimoja, ili kazi ianze upya kutoka humo. Anampenda Ylva."

Mlango wa mbele haukuonyesha mwingine aliyeingia, na mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma alikuwa mmoja tu. Wakamkuta Sixten, mtunza samaki wa maabara, mgane wa miaka sitini na sita, akisugua tangi lililokwisha kung'aa.

"Jumapili ulikaa humu muda gani, Sixten?" Gunvor aliuliza.

Brashi ilisimama.

"Saa nzima," akajibu taratibu. "Nilitaka achelewe kidogo tu. Tangu mke wangu Märta afariki, ni huyu binti peke yake anayeniuliza kama nimekula."

"Si ungeniambia, mzee wangu!" Ylva alisema.

"Nikwambie nini? Usiende?"

Gunvor alimwekea karatasi mezani. "Profesa wa Basel utamwandikia mwenyewe, umweleze ulichofanya ili Ylva aongezewe muda. Sasa hivi. Na ufunguo nipe."

Sixten aliutoa, akashika kalamu, akaanza kuandika. Alipofika mstari wa tatu, Ylva alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Andika pia kwamba nimekasirika. Sana," akasema, akipangusa machozi. "Na andika kwamba Basel nitapanga nyumba yenye chumba cha mgeni, na mgeni wa kwanza nishampata."