Kamera Ilipoacha Kumwona Octave

Siku ya tatu baada ya kamera kufungwa nyuma ya tingatinga, Damas aligundua kwamba haimwoni Octave.

Pale kiwandani Shituru, kila aliyepita nyuma ya mashine alizungushiwa mraba wa njano kwenye skrini ya dereva, king'ora kikalia, na breki zikajikamata zenyewe. Octave, shemeji yake, aliyemwongoza kwa bendera, alipita mara nne. Hakuna mraba, hakuna king'ora. Ila harufu ya nywele zilizoungua ilijaa kwenye kibanda cha dereva.

Fundi alikuja, akapita mwenyewe nyuma ya mashine. Mraba ukatokea.

"Kamera iko bien, haina shida," akasema.

Jumatano mpishi wa kantini alimruka Octave kwenye foleni, akampakulia aliyekuwa nyuma yake. Alhamisi watoto wa Octave walifunga mlango huku amesimama mbele yao. Mkewe Christiane, dada yake Damas, alimwona bado, lakini kwa kumkazia macho, na akigeuka tu anasahau kwamba yupo.

"Beau-frère," Octave alimnong'oneza shemeji yake, "tangu tulichimbua ile lundo ya zamani ya mabaki ya madini, kuko kintu inanifuata. Inapumua mu shingo yangu. Usirudishe mashini nyuma kama hauniona. Nakuomba."

"Miye niko nakuona."

"Leo."

Usiku ule Damas hakulala. Kulipokucha alikwenda mtaa wa Kikula kwa mama Emérance, kiongozi wa kundi la sala. Mama alimsikiliza, akashusha sauti.

"Ni pepo ya mu ile lundo. Inakula sura ya muntu mpaka hakuna anayemujua. Tutaifukuza palepale ilianzia."

Jumapili mchana kiwanda kilikuwa kimya. Damas alikaa kwenye usukani wa tingatinga, kando ya lile lundo, macho kwenye skrini. Octave akasimama nyuma ya mashine, na mama Emérance, aliyesimama mbele ya mashine pamoja na Christiane, akaanza kusali, kwanza polepole, kisha kwa sauti iliyopasuka, huku Christiane akiliita jina la mumewe tena na tena, na ile harufu ikipanda hadi machozi yakamtoka Damas, na kitu kizito kikijikokota juu ya bati la mashine, kikipita juu ya kichwa chake, kikishuka upande wa mbele, mpaka Octave akapiga magoti na kutapika maji meusi.

King'ora kikalia. Mraba wa njano ukamzunguka Octave.

Damas alilia kama mtoto. Christiane alitupa kitambaa chake chini, akakimbia nyuma ya mashine, akamkumbatia mumewe kwa nguvu zake zote.

Damas akaitazama skrini. Watu walikuwa wawili. Mraba ulikuwa mmoja, nao ulimzunguka Octave peke yake.

Alishuka mbio. Dada yake alikuwa palepale, uso umezama kifuani mwa mumewe, mabega yakimtetemeka. Octave aliangaza kushoto, akaangaza kulia, juu ya kichwa cha mkewe.

"Damas," aliuliza taratibu, "Christiane iko wapi?"