Namba ya Gashe Zerihun

Haya yalimpata Mekdes, jirani yetu hapa Addis Ababa, na yeye si mtu wa kutunga. Kazini anatunza kompyuta ambayo, umeme ukikatika wodi ya watoto njiti katika hospitali moja ya mbali, humpigia fundi awashe jenereta. Ilikuwa bado ina namba ya Gashe Zerihun, fundi aliyezikwa mwezi uliotangulia.

Mekdes aliandika ruwaza moja, yaani kielelezo cha kutafutia, ya kuinasa namba ile kwenye mafaili yote ya mipangilio, iwe imeandikwa kwa nafasi au kwa vistari, akaweka mahali pake ya Fikru, fundi mpya. Akatafuta tena. Haikubaki hata moja.

"Sasa ndiyo umeniajiri, dada!" Fikru akacheka simuni kutoka hospitalini, Mekdes alipompigia kumjulisha. Mara akapaza sauti. "Umeme umekatika. Giza tupu, hata ngazi siioni."

Kompyuta ikaandika: fundi amepigiwa, amepokea.

"Mimi?" Fikru akashangaa Mekdes alipomsomea. "Simu ya kazi iko mkono wa pili, haijalia!"

Mekdes akabonyeza asikilize simu ile iliyopokewa. Mtu alikuwa akihema polepole.

"Tulia, mwanangu," ilisema sauti ya Gashe Zerihun. "Watoto ninao mimi huku."