Mgombea wa Akiba

Dahibara za Raghu, zile bajia za dengu ndani ya mtindi, huisha saa saba na nusu, na kila aliyewahi kuwa na shughuli kwenye mahakama ya Cuttack analijua hilo. Siku hiyo juu ya baiskeli yake lilibaki bakuli moja tu lililoshonwa kwa majani, na watu wawili wakalishika kwa pamoja. Mmoja alikuwa wakili Lopamudra, koti jeusi mwilini, vitambaa vyeupe shingoni, jasho likimtiririka. Wa pili alikuwa Nirakar, sonara, vidole vimejaa makovu ya moto.

"Kaka, hiyo yangu."

"Jina lako limeandikwa wapi?"

"Nina kesi saa nane!"

"Na mimi nina njaa tangu asubuhi. Mawakili watatu wamenifukuza leo. Chakula nacho nikose?"

Lopamudra akamtazama vizuri. Shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi, bahasha nene kwapani, na macho ya mtu asiyejua kubembeleza. "Wamekufukuzia nini?"

"Manispaa inataka kuvunja mtaa wetu wa masonara ipanue barabara. Wanasema hatushindi."

"Nipe nusu, nile huku nikisoma hizo karatasi."

Ndivyo walivyoanza, kwa bakuli moja. Kesi ilichukua mwaka na nusu, na mimi nasema jaji angeiharakisha, mapenzi haya yasingekomaa. Simu zilikuwa za kila siku.

"Wakili, umekula?"

"Unaniuliza kama mama mkwe."

"Mama mkwe wako yuko hapa pembeni. Anauliza kama unapenda samaki."

"Mwambie samaki nampenda. Mwanawe ndiye bado namchunguza."

"Mwaka mzima unanichunguza! Mimi nyaraka?"

Kesi wakashinda. Mtaa mzima ukambeba Lopamudra mabegani, sari ikiburuzika, na hapo hapo watu wakaanza kusema agombee bunge la jimbo. Hakujifanya kukataa. Alijua wakili anaweza kuzuia tingatinga leo, lakini sheria inayolileta kesho inatungwa bungeni Bhubaneswar, na kiti kile alikitaka kwa moyo wote.

Wiki hiyo hiyo Nirakar akamwomba waoane. Mjomba wa Lopamudra, Gadadhar, karani mstaafu wa mahakama na sasa wakala wa mpwa wake katika uchaguzi, akapandisha miwani.

"Lopa, wewe ni wa tabaka la Karan, mtoto wa watu wa kalamu. Yeye sonara. Ukimtangaza sasa, nusu ya jamaa zetu hawatoki nyumbani siku ya kura. Shinda kwanza."

Lopamudra aliona haya, lakini alikubali.

"Miezi miwili tu, Nira."

"Kwa hiyo mimi wa kufichwa?"

"Wa kutunzwa, mpenzi."

"Achari ndiyo hutunzwa, wakili." Alicheka, ila cheko halikufika machoni.

Kwetu mgombea makini hajazi fomu peke yake. Humweka mtu anayemwamini kabisa awe wa akiba: fomu ya mkubwa ikikataliwa, wa akiba anashika nafasi, na ikipita anajitoa. Lopamudra alimchagua Nirakar. Wakajaza fomu kwenye meza moja, wakaomba alama moja ya kupigiwa kura, cherehani. Fomu ya Lopamudra ikapita. Kilichobaki ni Nirakar kujitoa kabla ya saa tisa alasiri, Alhamisi.

Saa tisa ikapiga ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi, Nirakar hayupo. Simu yake imezimwa. Mjomba alikuwa pembeni, ameinamia viatu vyake.

"Wagombea binafsi wawili wanataka cherehani," msimamizi akasema. "Tunapiga kura ya bahati."

Cherehani ikamwangukia Nirakar. Lopamudra akapewa birika.

Loo! Wapambe wa mpinzani wake walipasuka vicheko. "Wakili, chai lini?" Kufika jioni mji mzima unasema sonara amenunuliwa, kura za mtaa zitagawanyika, na kiti kimeshakwenda.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Nirakar, sari ya pamba imekunjamana, macho mekundu.

"Walikupa nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto! Ungeniambia usoni kwamba umenichoka."

"Usoni?" Nirakar akatupa koleo chini. "Wewe uliyemtuma mjomba wako langoni ndiye wa kuniambia hivyo?"

"Nimemtuma wapi?"

"Saa nane na dakika arobaini nilikuwa pale, fomu nimeshasaini. Akaniambia, 'Mwanangu, ndani kuna kamera, Lopa hataki mpigwe picha pamoja. Lete, nitaipeleka mimi.' Nikampa. Nikazima simu, nikaenda kukaa ukingoni mwa mto Mahanadi nikalia. Ndiyo, nililia! Leo alfajiri naambiwa jina langu liko kwenye orodha."

Lopamudra akakaa kwenye kigoda. Sheria aliijua kwa kichwa. Fomu ya kujitoa hupelekwa na mgombea mwenyewe, au na wakala wake au aliyempendekeza, akiwa na idhini ya maandishi. Mjomba alikuwa wakala wa Lopamudra, si wa Nirakar, na hakuwa na idhini yoyote. Bila shaka msimamizi alimrudishia karatasi yake, na karani wa kazi ya miaka arobaini akashindwa kukiri kwamba amekosea jambo la kikarani.

"Sikumtuma," akasema taratibu. "Lakini mimi ndiye niliyekubali ufichwe. Nilikuwa mwoga, Nira. Nisamehe."

Nirakar aliokota koleo lake, akaliweka mezani. Kisha akamwinulia uso kwa kidole. "Jina linaweza kutoka?"

"Halitoki tena."

"Basi nitafutie kipaza sauti."

Jumamosi alipanda juu ya mkokoteni katikati ya Choudhury Bazar, shati jeupe, kilemba chekundu. Lopamudra alikuwa kando yake, sari ya Sambalpur ya rangi ya damu ya mzee, jasmini kwenye nywele.

"Cherehani ndiyo mimi!" Nirakar akapaza sauti. "Nawaangukia, msinipigie kura! Hata ya kwangu naitia kwenye birika!"

Soko likaangua kicheko. Bibi mmoja wa Kikaran, mwavuli mkononi, akauliza kwa sauti, "Na huyu ni nani yako, mwanangu?"

Mjomba akakohoa, akataka kujibu.

"Mjomba, kaa," akasema Lopamudra, akachukua kipaza sauti. "Bibi, huyu ndiye mwanamume ninayempenda. Sonara, na mimi Karan. Wa kuninyima kura kwa hilo aninyime leo, nimjue."

Wapo walioondoka, niliwaona, na wengine ni ndugu zake wa damu. Bibi alisogea mbele ili asikie vizuri.

Siku ya kuhesabu, wagombea wote walikuwa ukumbini. Msimamizi akasoma: Lopamudra ameshinda, amempita anayemfuata kwa kura mia mbili na kumi na nne. Nirakar amepata kura mia tatu themanini na nane.

"Mia tatu themanini na nane!" Lopamudra akamnong'oneza. "Si uliwaangukia?"

"Nimependwa, nifanyeje?"

Msimamizi akauliza kama kuna mgombea mwenye pingamizi. Nirakar akasimama. Mjomba akashika kifua.

"Mimi ninalo. Nimeomba ndoa kwa mshindi tangu kabla ya fomu, na mpaka leo anaahirisha. Naomba tarehe."

Lopamudra naye akasimama. Sauti yake ilikuwa ileile ya mahakamani.

"Jumatatu naapishwa Bhubaneswar. Jumatano nakuoa."

"Mimi ndiye ninayekuoa!"

"Tutabishana baada ya harusi."

Msimamizi akafunga jalada lake, akasema pingamizi hilo liko nje ya mamlaka yake, ila hiyo Jumatano yeye hana kazi.