Programu Iliyojifunga Yenyewe

Ijumaa saa tatu asubuhi, programu ya kuhariria video ilijifunga tena mbele ya macho ya watu watatu, na mzee mwenye studio akaamua kwamba sasa imetosha, aitwe fundi. Kila mara ilianza vizuri. Picha yake ya ufunguzi ilitokea katikati ya kioo, maandishi madogo chini yake yakapita mbio kuonyesha kinachopakiwa, kisha vyote vikatoweka kimya kimya kama havikuwepo.

Siku nyingine yoyote hiyo ingekuwa kero ya kazi tu. Lakini kesho yake ukoo ulikuwa unakutana kumkumbuka binti mkubwa wa mzee huyo, aliyefariki kwa maradhi ya figo na kuacha mume na mtoto wa kike wa miaka mitano. Kabla ya kufa alirekodiwa akiwa kitandani, akimwachia mtoto wake maneno ya kukua nayo. Mtoto alikwishaahidiwa kwamba Jumamosi atamwona mama akiongea naye, na tangu hapo alikuwa akiuliza kila asubuhi kama leo ndiyo Jumamosi.

Fundi aliyekuja alikuwa mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwa sababu hakukosa kuwa na bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele, na mara nyingi aliitafuta huku anayo kichwani. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja: hakuigusa mashine kabla ya kuwahoji wenye mashine. Kwa uzoefu wake, kompyuta ikigoma ghafla, kuna mtu kagusa kitu, na mtu huyo ndiye wa kwanza kuapa kwamba hajagusa kitu.

Aliketi, akawatazama wote watatu. Mzee mwenyewe, mpiga picha tangu enzi za filamu za kusafisha gizani, alikiri kwamba kompyuta haijui, nayo haimpendi. Binti yake mdogo, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, ndiye aliyehariri kazi zote za studio. Alikuwa na macho mekundu na alijibu kila swali kwa maneno machache. Wa tatu alikuwa mkwe, mume wa marehemu, mwalimu wa hesabu, aliyesimama karibu na mlango kama mtu ambaye yuko njiani kuondoka.

Bisibisi aliuliza nani amekaa kwenye kiti kile wiki hii. Kitinda alisema yeye, na shemeji yake siku ya Jumatano, alipokuja kuchagua picha za marehemu. Mzee akamgeukia mkwe wake. Kumbe walikuwa wamekwaruzana juu ya video hiyohiyo, na mzee hakuwa amelisahau jambo hilo.

"Sikutaka ionyeshwe, sifichi," mkwe alisema. "Mtoto ndiyo kwanza ameanza kulala bila kulia. Lakini kutotaka na kuharibu ni vitu viwili, baba."

 Chumba kilikuwa kidogo, na kinyongo cha watu wawili kilikijaza chote.

Bisibisi alianza kazi. Aliwasha programu, akainamia kioo kusoma yale maandishi madogo ambayo kwa kawaida hakuna anayeyasoma. Aina za herufi zilipita salama, mipangilio ikapita, ikafika kwenye plagini, vile vijiprogramu vya nyongeza vya kusafishia sauti na kurembea picha, na hapo ikakata roho. Akaiwasha tena, ikafa palepale. Akajitengenezea akaunti mpya kwenye kompyuta hiyohiyo, akaifungua programu akiwa humo, ikafunguka bila shida yoyote.

Mzee alishusha pumzi kwa furaha, akauliza kama basi video iko tayari. Fundi alimwomba avute subira. Kama mashine ingekuwa mbovu, alieleza, ingekuwa mbovu kwa kila mtu. Ubaya ulikuwa umewekwa upande wa Kitinda peke yake.

Alirudi kwenye akaunti ya Kitinda, akafungua folda ya plagini. Kati ya majina aliyoyazoea, moja lilikuwa geni kwake. Alipolichunguza, aligundua kwamba haikuwa plagini hata kidogo. Ilikuwa picha ya kawaida, viatu vyeupe vya bibi harusi juu ya zulia, iliyobadilishwa jina na kuvikwa mwisho wa jina la plagini. Programu ilipojaribu kuimeza ilikwama na kuanguka. Tarehe ya kuwekwa humo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Alhamisi saa nne ulikuwa wapi, mwalimu?" Bisibisi aliuliza.

Mkwe alikuwa darasani, na wanafunzi arobaini wangeweza kumtolea ushahidi, tena wengine kwa kulalamika. Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mgumu wa kuomba radhi, lakini safari hii alisogea akamshika mkwe wake bega, na mkwe akauacha mkono ule ukae.

Bisibisi aliiondoa picha ya viatu. Programu ilifunguka. Hakuna aliyefurahi kuliko mzee, na fundi aligundua kwamba Kitinda hakukitazama kioo hata mara moja. Alikuwa akimtazama baba yake.

Kulikuwa na jambo lingine lililomkera Bisibisi tangu alipoingia. Watu hawa walikuwa wakisubiri programu ifunguke ili wamwone marehemu, ilhali programu ya kuhariri haihifadhi video ndani yake. Inaonyesha tu zilizo kwenye diski, na klipu yenyewe hufunguka hata kwenye simu ya mtoto wa shule. Mzee kutolijua hilo hakukuwa ajabu. Kitinda alilijua vizuri, na bado alikuwa amewaacha wote waamini kwamba bila programu hakuna video. Fundi alitafuta diski nzima. Klipu ya marehemu haikuwamo.

Aliuliza, kwa sauti ya chini, kadi ya kamera ya siku ile aliporekodiwa marehemu ilienda wapi.

"Iko kwenye kopo hapo mezani," mzee alidakia. "Niliitoa mwenyewe kwenye kamera, maana huyu binti yangu aliyekuwa akimrekodi alitoka chumbani kwa mgonjwa akilia, hawezi hata kufunga begi. Nikailaza kifudifudi, kama nilivyofundishwa na aliyenifundisha kazi. Kilichopigwa picha hulazwa kifudifudi, kisipate vumbi."

"Baba, acha hayo," Kitinda alisema haraka. "Kadi niliichukua mimi. Ilikuwa bado kwenye kamera."

Bisibisi alilitazama kopo. Kadi zilizolala chali zilikuwa na vibandiko vyenye majina ya kazi, na zile zilizolala kifudifudi zilipangwa kando, tayari kutumika tena. Kwa siku zote ambazo Kitinda alikuwa ameendesha studio ile, kadi iliyolala kifudifudi ilikuwa na maana moja, kinyume na ile ya mzee: imeshanakiliwa, futa, rekodi upya. Fundi alielewa yote kwa mkupuo, na akatamani angekuwa amekataa kazi hii asubuhi.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo. Lakini mkwe, ambaye alizoea kufuata hesabu mpaka mwisho, alikwishamgeukia shemeji yake.

"Picha ya viatu niliiona hapa Jumatano, ni ya harusi ya Jumamosi iliyopita, ile uliyorekodi wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeiweka."

Kitinda alikaa chini. Alisema ndiyo, ni yeye. Alikuwa ameipeleka kadi ile kwenye harusi, akaifuta bila kuangalia kilichomo, akarekodi juu yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jumatatu alipotafuta klipu ya dada yake ndipo alipojua. Alijaribu kila programu ya kurejesha vilivyofutwa, lakini harusi ilikuwa imekanyaga kila kitu. Basi akaamua iharibike kompyuta, ife kabisa ikiwezekana, watu waseme video imepotelea humo.

"Mashine haiumii," alisema. "Nilitaka lawama iende kwa mashine. Ni kosa langu peke yangu. Kadi ilikuwa kwenye kamera, nikaifuta."

 Mzee alinyoosha mkono, akachukua kadi moja koponi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kwenye kamera nilikwishaitoa," alisema. "Wewe uliikuta humu."

"Baba, kazi ya kuangalia ilikuwa yangu."

"Ulijua tangu Jumatatu kwamba ni mimi."

 Kitinda alikuwa analia sasa, bila kujificha, na mzee, ambaye hakulia hata makaburini mbele za watu, alifunika uso kwa mikono miwili. Huzuni iliyokuwa imegawanywa kwa watu watatu ilirudi ikawa moja. Bisibisi alifunga begi lake polepole. Kesi alikuwa ameimaliza, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyepata nafuu kwa kujua.

Ni mkwe aliyesema kwanza. Aliuliza kama siku ile, mgonjwa alipoomba wote watoke, abaki Kitinda na kamera tu, Kitinda alisikia kilichosemwa.

"Nilikuwa na vipokea sauti masikioni," Kitinda alisema. "Nilisikia mpaka pumzi zake."

"Basi tuambie," mzee alisema. "Kabla hujasahau."

Kitinda alipangusa uso kwa kiganja. Alisema kwamba kwanza dada yake alilalamikia feni, inampulizia machoni, naye Kitinda akaizima. Kisha Kitinda alimtaka anywe maji, dada akakataa. Kisha akaitazama kamera kwa muda mrefu, akaanza.

"Alisema, 'Mwanangu, watu watakwambia mama alikuwa jasiri. Usiwaamini. Niliogopa sana kukuacha, na nataka ujue hivyo, ili siku ukiogopa usidhani uko peke yako.' Halafu akasema..."

"Simama hapo," mkwe alisema.  "Usiendelee kutuambia sisi. Ngoja nikamlete mwenye maneno yake."

Alichukua koti lake, akatoka mbio kama mtu aliyechelewa basi. Kitinda alibaki kwenye kiti chake, macho ameyafumba, akiyarudia yale maneno kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, asije akapoteza hata moja kabla mtoto hajafika.