Salamu Iliyokatwa

Kila asubuhi ya shule Dairekta alipanda behewa la tatu la treni, akasimama karibu na mlango na kutoa simu ya zamani ya dada yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa chama cha filamu, nalo lilimkaa vizuri mno, mpaka nyumbani akawa haitiki akiitwa jingine.

Mwalimu wa chama aliwapa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika tatu kuhusu upweke wa wasafiri. Itakayoshinda ingeonyeshwa katika ukumbi wa mji, na Dairekta aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba. Alipiga picha za mbali za watu waliobanana mabega wasitazamane. Akapiga za karibu: vidole juu ya simu, masikio yaliyozibwa. Kisha akampata fundi viatu, mzee aliyekaa dirishani na sanduku la vifaa mapajani. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kutosha filamu nzima. Wakati wa kuhariri, Dairekta aliondoa sauti zote, akabakiza mlio wa magurudumu. Kipande kimoja alikikata kimyakimya.

Mwezi uliofuata filamu ilionyeshwa shuleni mbele ya wazazi. Mwalimu alimwalika na fundi viatu, akidhani mzee huyo aliombwa ruhusa ya kupigwa picha. Wapi! Filamu ilipokwisha, watu walipiga makofi.

"Maskini mzee wa watu," mama mmoja akasema, "hana hata wa kumsalimu."

Fundi viatu akasimama. "Mimi nilisalimu," alisema. "Na mvi zangu hizi, nilianza mimi. Binti huyu hakunijibu."

Dairekta alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni kweli?" mwalimu akauliza.

"Ni kweli. Nilikikata kipande hicho. Ningemjibu, picha ingeharibika."

"Tuonyeshe."

Kipande kikaonyeshwa. Mzee aligeukia kamera, akatabasamu. "Hujambo, mjukuu wangu?" Magurudumu tu. "Unasoma shule gani?" Magurudumu tena. "Haya, usome kwa bidii." Tabasamu likamtoka, akageukia dirisha. Hapo ndipo ulipoanza ule uso uliopigiwa makofi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Filamu haikwenda ukumbi wa mji. Mwalimu aliiondoa mashindanoni.

"Nyani haoni kundule," mama yake alimwambia jioni ile. "Ulizunguka behewa zima kumtafuta asiyejali wenzake, kumbe ndiye aliyeshika simu. Kamwombe radhi."

Kesho yake, ndani ya treni, hakutoa simu. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Shikamoo, babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba," mzee alijibu, macho yangali nje. "Siku ile nilikuwa natoka kumwacha mke wangu hospitali. Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu."

"Anaendeleaje sasa?"

"Hakurudi nyumbani."

Dairekta alilia bila kujificha. Mzee akamtazama, safari hii usoni.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini shika hili. Salamu hainunuliwi dukani, ila ina wakati wake. Ukiipitisha, huirudishi kama ulivyokirudisha kile kipande chako."

Akaliondoa sanduku lake kwenye kiti cha pembeni, na Dairekta akakaa.