Gauni la Amplifaya

Mshonaji alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuona kitu kikiwa uchi. Jagi lilikuwa na kofia yake. Kila mto ulikuwa na foronya mbili. Mume wake aliponunua amplifaya ya kupigia muziki kwenye sherehe, aliipima kwa futi kamba kama anampima bibi harusi. Akaishonea gauni zito jekundu lililoibana kila upande. Swichi na vitufe tu ndivyo vilivyopata nafasi.

"Sasa vumbi litaishia nje," alisema.

"Mama watoto, umeivalisha vizuri kuliko mimi," mume wake akajibu. Wakacheka wote wawili.

Mume huyo watu walimwita Bwana Muziki. Siku moja alipiga muziki kwenye harusi ya binti wa dada yake mshonaji. Ukumbi ulijaa pomoni. Watu walicheza mchana kutwa, wengine wakavua viatu.

Mshonaji alikuwa akisubiri jambo moja tu. Mama yake mzazi, bibi wa bibi harusi, alitaka kusema maneno ya baraka. Bibi alikuwa ametoka kuugua, na sauti yake ilikuwa nyembamba sana. Bila spika, maneno yake yasingefika hata meza ya pili.

Bibi akapewa maiki. Akafungua mdomo. Tik! Spika zikanyamaza.

Bwana Muziki alizima, akawasha, akapiga kofi juu ya gauni. Kimya. Akaivua amplifaya gauni lake. Mbele yake taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Imekufa!" alisema, huku akitoa bisibisi. "Humu ndani kuna kitu kinachokata sauti. Nakiruka, naunga nyaya moja kwa moja. Kuna jamaa alinionyesha."

Mshonaji alimtazama mama yake, ambaye bado alikuwa ameshika maiki. Roho ilimuuma. Akaenda mbio kwenye meza ya majirani, akamshika mkono Dada Waya. Huyu alikuwa fundi wa redio, na nyumba zao zilitazamana.

"Shemeji, weka bisibisi chini," Dada Waya alisema alipofika. "Chomoa kwenye soketi kwanza."

"Lakini imekufa!"

"Haijafa, imejilinda. Ukigusa sufuria ya moto, mkono si hurudi wenyewe? Na hii ndivyo ilivyo. Ikipata joto kali, au nyaya za spika zikigusana, kinga iliyo ndani hukata sauti kabla mambo hayajaharibika. Taa nyekundu inakuambia: nimesimama, tafuta sababu."

"Na nikiiruka hiyo kinga?"

"Utapata sauti kidogo, halafu moshi. Hujasikia kinga ni bora kuliko tiba? Wewe unataka kuitoa kinga yenyewe! Tena usiifungue. Humo ndani umeme hubaki hata ukichomoa."

Akagusa ubavu wa amplifaya, akarudisha mkono haraka. "Mama wee! Hapa unaweza kupiga pasi. Nani aliifunika kwa gauni hili?"

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke. "Ni mimi," alisema. "Niliogopa vumbi."

"Vumbi ni baya kweli. Lakini matundu haya ya pembeni ndiyo pua zake, na feni iko nyuma. Umeiziba pumzi. Hata taa umezifunika. Ya kijani maana yake mambo shwari. Ya njano ikimetameta mara mojamoja, si neno. Ikiwaka mfululizo, sauti imezidi, punguza. Lakini nani angeiona leo? Ilikuwa imefunikwa gubigubi!"

Hata Bwana Muziki akacheka, jasho likimtoka.

Waliisogeza amplifaya mahali penye hewa. Mshonaji akaipepea kwa sinia mpaka ikapoa. Dada Waya akachomoa nyaya zote za spika, kisha akaichomeka tena kwenye soketi na kuiwasha. Taa nyekundu ikawaka.

"Hiyo tena!" mshonaji akashtuka.

"Tulia. Mwanzoni hujikagua."

Tik! Nyekundu ikazima, kijani ikabaki.

"Ingebaki nyekundu bila spika, ugonjwa ungekuwa ndani, na ningeichukua kwangu," Dada Waya alieleza. "Sasa tunazima, tunarudisha spika moja, tunawasha. Halafu tunazima tena, tunarudisha nyingine. Waya utakaoleta nyekundu ndio wenye kosa."

Hakuna waya ulioleta nyekundu. Kosa lilikuwa joto tu.

Mshonaji akalikunja gauni, akalikalia. "Utalivaa ukilala," aliiambia amplifaya. "Ukiwa umezimwa na umepoa." Kisha akachuchumaa mbele ya taa, kidole kwenye kitufe cha sauti, na hakutaka mtu mwingine akae hapo.

Bibi akanyanyua maiki tena. "Wanangu," alisema, "mnanisikia huko nyuma?"

"Tunakusikia!" ukumbi mzima ukaitika.

Mshonaji alilia kwa furaha, macho yake yakiwa kwenye taa ya kijani.

"Basi nyamazeni," bibi akasema. "Nina maneno mengi."