Hashimu Hakuvuka

Ukipita Ufukoni, hapa Mtwara, asubuhi, utaisikia karakana ya Hashimu kabla hujaiona. Ni kibanda cha mabati tu. Wavuvi humletea mashine za boti zilizogoma, naye huzifungua, huzisafisha na kuzifanya zingurume tena, huku akimtania kila anayepita. Siku hizo mkewe, Sabra, alikuwa akimpelekea ming'oko, mizizi ya porini ya msimu, iliyochemshwa kwa chumvi na pilipili. Hashimu aliimenya kwa vidole vyenye oili. Sabra alimgombeza kila siku, na kila siku Hashimu alicheka.

Asubuhi moja gari lilisimama mbele ya kibanda. Walishuka wanaume waliovaa kiraia. Sabra alikuwa palepale, sahani mkononi.

"Wewe unatengeneza mashine za watu wa ng'ambo ya mto Ruvuma?" mmoja alimwuliza Hashimu.

"Mimi naangalia mashine, bosi. Mwenyewe katoka wapi, simwulizi."

Wakamwambia apande gari, kuna mambo ya usalama wa nchi. Akapanda. Sabra alibaki na sahani yake, ming'oko ikiwa bado ya moto.

Jioni mama mkwe wake, Bi Asia, alimwita ndani, akafunga mlango.

"Mwanangu, watu wakiuliza, sema Hashimu kavuka. Kaenda Msumbiji kutafuta kazi."

"Lakini mama, nimeona kwa macho yangu."

"Najua. Ila ukitamka hilo neno usalama, hakuna jirani atakayekanyaga hapa. Na walio naye wakisikia tunapiga kelele, watamfanya nini? Tunyamaze. Atarudi."

Kwetu huku, kuvuka hakumshangazi mtu. Watu wana ndugu upande huu na upande ule. Basi Sabra akawaambia majirani kuwa mumewe kavuka. Mjumbe wa mtaa alipouliza, Bi Asia alimjibu mwenyewe, bila kupepesa macho. Siku moja tu Sabra alijikaza, akaenda kituoni kuuliza. Wakamwambia hawana mtu wa jina hilo. Akarudi nyumbani, hakuuliza tena.

Ming'oko ikaisha sokoni. Mvua zikaja, zikapita. Sabra alimtamani mumewe. Alilala upande wake wa kitanda, upande wa Hashimu akauacha wazi. Shati lake la kazi hakulifua. Alilitundika nyuma ya mlango, na kila asubuhi alilinusa, apate ile harufu ya petroli. Lakini harufu nayo ilianza kupungua. Siku aliponusa akakuta kitambaa kitupu, Sabra alikaa chini akalia.

Maria ndiye aliyemkuta hivyo. Maria alikuwa jirani yao, tena msaidizi wa kisheria katika shirika moja dogo pale mjini. Alikuwa amekuja kuomba chumvi. Aliliona shati. Pembeni aliliona sanduku la spana.

"Dada Sabra," alisema taratibu, "fundi gani anavuka kutafuta kazi bila spana zake?"

Sabra alimweleza yote. Alipomaliza, alimshika mkono. "Usimwambie mtu, tafadhali. Ni mambo ya usalama. Hayana pa kusemewa."

"Yanapo," Maria alisema. "Nani kakwambia hayanapo? Mtu akikamatwa kwa kosa lolote, anapaswa kuambiwa kosa lake na kufikishwa mahakamani mapema."

"Na kama hana kosa, wanamwogopa tu?"

"Ipo sheria inayoruhusu mtu azuiliwe ikihofiwa kuwa atahatarisha usalama wa nchi. Lakini amri hiyo hutolewa na Rais, kwa maandishi. Si kila askari anaweza kuitoa. Na aliyezuiliwa ana haki ya kuambiwa sababu. Hata amri yenyewe inaweza kupingwa mahakamani."

"Nani ataipinga? Hashimu mwenyewe hatujui alipo."

"Ninyi. Familia inaweza kuiomba Mahakama Kuu iwaamuru wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji, waeleze wanamshikilia kwa sheria gani. Hapa Mtwara Mahakama Kuu ipo. Na wakili wetu hatawatoza kitu."

Sabra akakubali, wakaenda. Wakili huyo aliitwa Thabiti. Aliwasikiliza, kisha akamtaka Sabra aape kwa maandishi kuwa mumewe alichukuliwa.

Hapo Sabra alisita. Kuapa si mchezo. Mtaa mzima alishauambia kavuka.

"Utasema ulichokiona tu," Thabiti alimwambia. "Gari, wale watu, maneno yao. Usichokijua, sema hukijui."

Sabra aliapa. Maombi yakapelekwa mahakamani. Jibu la upande wa Serikali liliporudi, lilisema hivi: Hashimu hashikiliwi na yeyote. Mama yake mzazi alimwambia mjumbe wa mtaa kuwa kavuka kwenda Msumbiji.

Maria aliisoma karatasi ile mbele ya Bi Asia. Mama wa watu alizungusha tasbihi mkononi.

"Kumbe mimi ndiye niliyemfungia mwanangu mlango," alisema.

"Mama, uliogopa," Sabra alimwambia.

"Niliogopa, ndiyo. Sasa nipelekeni nikaape na mimi."

Bi Asia aliapa kuwa uongo ule aliutunga yeye, kwa hofu. Mvuvi mmoja aliyekuwa karakanani siku ile aliposikia mama mzima amejitoa, naye akaenda kueleza alichokiona. Jaji alisoma viapo vyote. Akaamuru Hashimu aletwe mahakamani, pamoja na hati ya kumshikilia.

Hashimu, yule waliyesema hawanaye, aliletwa. Hati haikuletwa, kwa sababu haikuwapo. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, macho yakitafutatafuta. Yalipomwona Sabra yalitulia. Jaji aliuliza anashtakiwa kwa kosa gani. Hakukuwa na mashtaka. Jaji akaamuru aachiwe siku ileile.

Nyumbani Hashimu aliuliza kama kuna ming'oko.

"Msimu ulishapita," Sabra alisema. "Msimu mzima umenipita peke yangu."

Alimpikia mhogo. Hashimu alikula kwa vidole visivyo na oili hata kidogo, na Sabra alitamani viwe na oili amgombeze.

Nje, Bi Asia alikuwa ameketi barazani. Kila aliyepita alimwita, hata asiyeuliza kitu. Mmojawapo alikuwa Halima, ambaye mwanawe naye alisemekana kavuka.

"Njoo nikwambie. Mwanangu hakuvuka. Nilikudanganya. Walimchukua, tukaenda mahakamani, wakamrudisha. Na wewe, yule kijana wako unayesema kavuka, spana zake kaziacha wapi?"

Halima alisimama. Bi Asia alisogea kidogo, akaupigapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema. "Maria yupo ndani."